Uchina Iko Nyuma ya Kilima

Jumatatu, 7 Februari 1803. Shambani, Parramatta, koloni ya wafungwa wa Kiingereza kusini mwa dunia.
Habari njema! Mnyapara wetu, Bwana Pardoe, kaniambia nikitulia bila kosa hadi Jumapili, napewa cheti cha ruhusa. Mfungwa mwenye cheti hulala kwake, hulima chake, huoa. Dorcas wa jikoni, naye mfungwa (aliiba shuka kule Bristol, mimi bata), amekubali nimwoe siku hiyo hiyo. Ila kanionya: "Tripp, kazi yako ni kukaa tu. Hata kiazi kinaweza." Nimeudhika kidogo. Nitakaa.

Jumanne, 8 Februari
Nimekaa. Kazi ngumu kweli!
Jioni Tuohy, Mwairishi ninayelala naye kibanda kimoja, kaninong'oneza kuwa Uchina iko kaskazini, nyuma ya kilima, unavuka mto mmoja tu. Kule watu wanakunywa chai kutwa na hawajui mjeledi. Nikamuuliza kajuaje. Akasema kila mtu anajua. Hapo nikaamini.
Sasa kwa nini ningoje kipande cha uhuru Jumapili, na uhuru mzima uko nyuma ya kilima? Dorcas nitamwita nikifika. Tuohy hajui njia. Mimi naijua! Baba alinifundisha kule Devon: jua liko kusini, lipe mgongo, utafika kaskazini.

Jumatano, 9 Februari
Tumetoroka alfajiri. Jua mgongoni asubuhi, mgongoni mchana, mgongoni jioni. Sijawahi kuwa na nidhamu namna hii. Kilima hakijaonekana. Ajabu! Tuohy kala mkate wote, eti alidhani wangu nimeshakula. Tunalala chini ya mti unaopukutisha magome badala ya majani. Sielewi nchi hii.

Alhamisi, 10 Februari
Ugomvi. Tuohy anadai jana tulikosea: jua hufuatwa, halikimbiwi. Sikuwa na nguvu za kubishana. Jua usoni kutwa nzima, macho yanatoka machozi.
Jioni, shamba la mahindi! Na ndani yake mtu mwenye kofia pana ya majani. Mchina! Nikauliza mto uko wapi. Tuohy akasema labda umekauka. Nikapiga magoti, nikamweleza yule Mchina kwa sauti kubwa, ili aelewe, kwamba tumemkimbia Mfalme wa Uingereza pamoja na ng'ombe mmoja aitwaye Pardoe.
Mchina akavua kofia. Alikuwa Pardoe.

Jumamosi, 12 Februari
Nalala kifudifudi. Mgongo unawaka moto kwa viboko, ule ule niliolipa jua.
Pardoe alitueleza huku akicheka mpaka akakaa chini. Jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi, na huku mchana liko upande wa kaskazini. Kwa hiyo siku ya kwanza tulizunguka nalo, siku ya pili tukajizungusha kurudi pale pale. Akasema kuna wafungwa wamefika mbali kuliko sisi wakiwa wamelala. Tuohy akauliza kama jua la huku na la Ireland ni moja au mawili. Swali zuri! Akaongezewa viboko.
Cheti hakuna mpaka mwaka kesho.

Jumapili, 13 Februari
Cheti amepata Dorcas. Nilijua ndiyo basi. Lakini kaja na mafuta ya nguruwe kunipaka mgongo. Nilingoja matusi, hakutukana. Akasema kuna seremala mjini kamposa, ana nyumba yenye sakafu ya mbao, naye kamkatalia. Atanisubiri mwaka mmoja. "Mmoja tu, Tripp. Ukitoroka tena, naolewa na seremala, na wewe utakuja kutubebea maji."
Nikalia. Machozi ya kweli. Nampenda mno mwanamke yule, wala sijui ameona nini kwangu. Nikaweka mkono juu ya Biblia yake, nikaapa kwamba sitalifuata tena jua maishani mwangu.
Na sitalifuata. Tuohy anasema mwezi ndio haudanganyi. Tunaondoka Jumanne.