Kwa Nini Karanga Zikaitwa Jibini

Jumapili, 3 Machi
Nimeudhika. Mkutano wa wapenda historia wa mtaa. Nilieleza kwa nini siagi ya karanga sisi Waholanzi tunaiita pindakaas, yaani jibini la karanga: sheria ililinda jina la siagi, wauzaji wakakimbilia jibini. Safi kabisa! Ndipo jirani yangu Bi Hermine, mzaliwa wa Paramaribo kule Suriname, koloni letu la zamani, akasema taratibu kwamba bibi yake alizisaga karanga, akazigandisha, akazikata vipande kama jibini, na jina lilikuwa huko kabla ya sheria hiyo. Wote wakamgeukia yeye.

Jumatatu, 4 Machi
Dawa yake nimeipata. Nitatoa mhadhara, naye asiwepo. Kalenda ya siku za kuzaliwa iko chooni, kama kwa kila mtu, bado kwa mwandiko wa marehemu mke wangu Geesje. Bi Hermine: 14 Machi. Atakuwa na wageni, hatoki! Nimekodi ukumbi siku hiyo, saa nane mchana.

Nilikaa chooni kitambo nikiutazama mwandiko ule. Tangu Geesje aondoke, kahawa ya Jumamosi kwa Bi Hermine ndiyo mazungumzo yangu pekee ya wiki. Nikiikosa hiyo, sijui nitazungumza na nani. Lakini ukweli ni ukweli.

Alhamisi, 14 Machi
Viti arobaini. Watu wawili: mimi na mfagizi. Wengine wote wako kwa Bi Hermine, wamekaa duara, wanakula keki. Wageni wake ndio wasikilizaji wangu! Sikuliwaza hilo.

Nikaenda. Nikampongeza yeye, dada yake, kisha wageni mmoja mmoja, kama ilivyo ada yetu. Bi Hermine akasema, “Jirani Wubbo, tulidhani umetususa. Haya, kaa ule.” Kipande kigumu cha karanga, chenye pilipili, kimekatwa kwa kisu. Nikakiri mbele ya wote kwamba huenda bibi yake ndiye mwenye haki. Akanimiminia kikombe cha pili. Akasema Jumamosi nije na makaratasi yangu tuyasome pamoja. Machozi yakanilengalenga. Nikasingizia pilipili.

Jumamosi, 16 Machi
Kahawa sikwenda. Nina kazi. Mhadhara mpya: bibi mmoja wa Paramaribo, ugunduzi wangu mwenyewe. Mialiko nimegawa nyumba zote isipokuwa kwa Bi Hermine. Atataka kusema.

Saa nne alibisha hodi, birika mkononi. Nikajibanza chini ya meza. Mapazia hatuweki mtaa huu. Alisimama dirishani muda mrefu, akachutama kidogo, kisha akarudi kwake.

Nadhani hakuniona.