Kisanduku cha Kipaza Sauti na Sabato ya Kujaribiwa

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Leo Nyamira yote imeniona! Nimeshuka kwenye gari na kisanduku cha kugeuza stima ya betri iendeshe kipaza sauti cha kanisa. Aliyekuwa nacho nilimpa beberu wangu wa jicho moja. Mwenyewe anadhani ameniweza! Jethro, mzee wa kanisa, amesema Sabato hii nijaribiwe. Spika ikinguruma mpaka mwisho wa mahubiri, kazi ya spika kwenye makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa, ni yangu. Ikinyamaza, anapewa Obwocha, fundi betri wa Keumbu. Obwocha! Mtu nimemfundisha mwenyewe kushika bisibisi. Yaani, nilikaribia kumfundisha.

Jumatano, 7 Agosti
Balaa! Jana nimejaza betri, nimewasha kisanduku, sikuunganisha kitu. Asubuhi betri imekufa. Nimezunguka ua mzima nikitafuta waya wa Obwocha wa kuniibia stima. Hakuna. Ameuzika chini, huyo!

Nikaenda kwake kuazima mita ya stima. Nikasema anaitaka rafiki yangu wa Kenyenya. Akauliza kama huyo rafiki naye anavaa kofia yangu. Mjinga.

Nimechomoa spika, nimebakiza kisanduku tu kimewaka, mshale wa mita bado unapanda. Mita ya uongo! Nikaipiga kofi. Ikapanda tu. Bibi yangu Nyaboke ameshika kisanduku, akasema kina joto kama kuku anayeatamia, na huo moto unatoka wapi kama si kwa betri? Mambo ya stima na mwanamke, wapi na wapi!

Ijumaa, 9 Agosti
Betri imejaa tena. Obwocha amekuja kuchukua mita, akanisihi: omogaka, mzee wangu, hiki kikivuma tu kinakula betri, zima mpaka mahubiri yaanze. Nimemsoma! Sabato inaingia jua likizama. Anataka kesho nibonyeze swichi mbele ya watu, asimame aseme nimefanya kazi siku ya Bwana. Nifukuzwe kanisani! Nyaboke leo anapika chakula cha kesho. Na mimi nawasha leo stima ya kesho. Jua likiwa bado juu ya kilima cha Manga, tap! Kinavuma. Akili hii hata serikali haina.

Sabato, 10 Agosti, jua limeshazama
Watu walijaa mpaka nje. Mhubiri mgeni akashika kipaza. Taa ya kisanduku imefifia kama jicho la mgonjwa. Jasho! Nikaomba, Bwana, nipe aya mbili tu. Mhubiri akasema, "Ndugu za..." Kimya. Mama mmoja huko nje akauliza kama mhubiri ameanguka. Jethro akanitazama mpaka nikatazama viatu. Obwocha hata hakucheka, na hiyo ndiyo imeniuma. Makambi amepewa yeye.

Jumapili, 11 Agosti
Kosa nimelipata! Nilichelewa kuwasha. Kitu kigeni kama hiki kinataka muda kizoeane na betri. Kanisa la Manga wanatafuta mtu wa spika Sabato ijayo. Nimewaambia wasihangaike, wamempata. Nitawasha Alhamisi.