Koti Jeupe la Usaili

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo limebandikwa kiwandani. Anatafutwa msimamizi wa mitambo ya kuchapa. Kila "candidate", yaani mwombaji, afike kwa mkurugenzi Alhamisi. Cheo changu hicho. Lazima kiwe changu, maana mama mkwe nimeshamwambia nimekipata. Kipara wa mtambo wa pili naye anakitaka. Kazi anaijua, sikatai. Lakini Kiingereza kinampiga chenga.

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua kamusi kubwa. Kumbe! "Candidate" limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya weupe. Warumi wa kale waliotafuta vyeo walivaa nguo nyeupe, wakazing'arisha kwa chaki. Nani mwingine kiwandani anajua hili? Wote tunashinda na ovaroli za wino. Nimemweleza mke wangu. Akasema nilale.

Jumatano, 5 Machi
Nguo nyeupe sina. Nimeazima koti la shemeji, mpishi wa hoteli, nikalipaka chaki pakiti nzima. Linaumiza macho. Mama mkwe kapiga simu: majirani wote wana habari, na Jumamosi anakuja kunipongeza.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeingia. Mkurugenzi, mama asiyejua mzaha, hakuinua kichwa. Kwa pembe ya jicho akaona koti tu, akaniagiza chai isiyo na sukari. Nikaileta, mtu habishani na mkubwa siku ya usaili. Kisha nikakaa. Akashtuka. Akauliza mtambo ukinasa karatasi nitafanyaje. Nikamweleza habari za Warumi, kwa kirefu. Feni ikanigeukia. Chaki ikatua kwenye chai, kwenye miwani, kwenye suti yake nyeusi. Alipiga chafya mpaka sekretari akaja mbio. Kipara alichelewa usaili wake. Alikuwa anazibua mtambo. Wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Kapewa Kipara. Amenipa mkono kwa upole. Imeniuma zaidi.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe amefika. Mke wangu alimwambia ukweli mlangoni. Mama hakunigombeza, aliuliza tu, taratibu, majirani akawaambie nini. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nimerudi kwenye kamusi. Kosa nimeliona: nilianza na neno lisilo lenyewe. Lenyewe ni "ambition", tamaa ya cheo. Kilatini tena! Asili yake ni kuzunguka: Warumi walizunguka kwa watu wakiomba kura. Basi ghala nalo linataka msimamizi. Kesho alfajiri naanza kuzunguka nyumba za wakubwa, ya kwanza ya mkurugenzi. Mama mkwe nimemwambia awapigie simu majirani: cheo kimebadilika tu, sasa ni cha ghala.