Wiki Niliyosugua Kikaango

Jumatatu, 2 Machi 2026
Siku ya tatu bila mke. Kokulinda bado yuko Sengerema kwa mama yake. Kosa langu nini? Nilimwona machinga anabadilishana vyombo, nikampa masufuria yetu matatu makuukuu, akanipa kikaango kimoja kipya, cheusi, cha aina ile isiyogandisha chakula. Biashara safi kabisa. Kumbe yale masufuria yalikuwa zawadi ya harusi kutoka kwa mama mkwe. Nani aliniambia? Kokulinda anasema aliniambia.

Leo kapiga simu. Atakuja na mama yake Jumamosi. Mama akiridhika na jiko langu, Kokulinda anabaki. Asiporidhika, anachukua na nguo zilizobaki. Nyumba imepoa mno bila yeye.

Jumanne, 3 Machi
Masele, jirani yangu fundi redio, kanikuta nakaanga yai. Kasema ule weusi ni sumu, unakula maini, amesoma kwenye kundi la mtaa. Nikamuuliza mbona yai linateleza vizuri. Akasema hiyo ndiyo dalili yenyewe. Ana furaha sana mtu huyu nikiwa na shida.

Nimelikwangua yai kwa uma, nikala. Lina vichembe vyeusi. Nilidhani ni pilipili manga. Sina pilipili manga. Nimekaa kusikiliza tumbo. Tumbo kimya, na ukimya huo umenitia wasiwasi zaidi.

Jumatano, 4 Machi
Zahanati. Nimemwambia nesi Justa nimekula sumu. Akauliza sumu gani, nikatoa kikaango kwenye mfuko. Wagonjwa kwenye benchi wakasogea.

Kasema vile vichembe mwili hauvisagi, vinatoka kama vilivyoingia. Ile kemikali iliyokuwa ikiogopwa zamani, viwanda vingi vimeshaiacha. Kibaya ni kuacha kikaango kitupu kwenye moto mkali, maana moshi wake haufai kuvutwa. Nitumie mwiko wa mti, nioshe kwa sponji laini, nifungue dirisha. Kikichubuka sana, nitafute kingine. Nimeandika yote kiganjani, jasho likafuta nusu.

Kwa hiyo si sumu kikiwa baridi, ni sumu kikipata moto. Sasa kikaango mtu hukinunua cha nini?

Alhamisi, 5 Machi
Nimepata jibu! Kama shida ni weusi, nautoa weusi. Chini yake ni aluminiamu tupu, kama masufuria ya mama mkwe. Sumu inaondoka na sufuria moja inarudi, kwa mkupuo mmoja. Sijui kwa nini viwandani hawajaliona hili.

Nimechota ndoo ya mchanga ziwani na kununua waya wa kusugulia. Rebeka, mke wa Masele, masufuria yake yanang'aa pale kichanjani hadi unaona meno yako. Changu kitayashinda.

Ijumaa, 6 Machi
Mkono unauma hadi begani. Asubuhi kilikuwa nusu cheusi, nusu cheupe. Masele kapita, akauliza kama ni ramani ya ziwa. Nikaongeza mchanga. Alasiri nimemaliza, kinang'aa. Nikajaribu yai. Limeganda lote, hata kwa kisu halitoki. Sielewi. Ni kikaango kilekile.

Jumamosi, 7 Machi
Wamefika saa tano. Siku hizi watu wanavuka ziwa kwa daraja jipya la Busisi, hata kivuko hakipo cha kumchelewesha mama mkwe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anaelekea jikoni.

Ma Bernadetta, mama mkwe wangu, akakigeuza kikaango mara mbili, akauliza, Mutalemwa mwanangu, weusi umekwenda wapi. Nikamjibu nimeutoa kwa ajili ya afya yake. Akakaa kwenye kigoda, akacheka hadi akafuta machozi kwa kitenge. Kumbe naye anatumia cha aina hiyohiyo, mwaka wa sita, kwa mwiko wa mti, na hakijawahi kumdhuru. Yale masufuria hata yeye yalimchosha. Amekuja nacho ili anifundishe, mwisho akatuachia kabisa. Kasema nikitunze kama mboni ya jicho.

Kokulinda amebaki. Nilijifanya natafuta soksi ili nimwone akipanga nguo zake kabatini. Nimefurahi sana, sifichi.

Jumapili, 8 Machi
Siku ya Wanawake Duniani. Kokulinda na mama yake, aliyelala kwetu, wako misa ya kwanza, mimi nimesingizia kichwa. Nataka niwafanyie jambo.

Nimekikagua kikaango cha mama mkwe dirishani. Kina mkwaruzo mmoja, mdogo kama ukucha wa mtoto. Nesi alisema mkwaruzo ni hatari? Au alisema si hatari? Kiganja nilishanawa. Kwa mama wa mke wangu siwezi kubahatisha.

Mchanga ulibaki nusu ndoo. Mkono umeshazoea, kazi inakwenda haraka, na weusi wa miaka sita unatoka vizuri kuliko ule wangu. Nimepumzika kidogo kuandika haya. Bado ukingo tu.

Nawasikia getini, mama mkwe anaimba. Nitamwachia akione yeye kwanza.