Hela Isiyo na Tundu

Jumatatu, 3 Juni. Kilwa Kivinje.
Mama mkwe, Bi Siti, kamsifu tena mwanyumba wangu Nurdin, aliyeoa dada wa mke wangu, mbele ya wali. Nurdin kamletea doti ya khanga. Mimi nilimletea salamu. Lakini siku yangu inakuja! Kilwa Masoko amefika Benedicto, mnunuzi wa sarafu kongwe, na Bi Siti ana hela za Mjerumani koponi. Nimemwomba moja nikaiulizie. Kanipa ile ya peke yake isiyo na tundu katikati. Kasema haikuwahi kumfaa mtoto. Nyingine zote zilitiwa uzi, zikafungwa viunoni mwa watoto. Ila ni ukumbusho wa marehemu mumewe, irudi kama ilivyo. La sivyo, nitafute pa kulala. Adija, mke wangu, hakunitetea.

Jumanne, 4 Juni.
Mbovu! Hela bila tundu, nani ataitaka? Nimempelekea Kudra, fundi baiskeli, aitoboe. Kauliza kama mwenyewe karidhia. Nimemwambia atoboe, maswali awaachie polisi. Tundu limetoka katikati kabisa. Bi Siti atashukuru.

Jumatano, 5 Juni.
Nimeisugua kwa majivu na ndimu. Inameta!

Alhamisi, 6 Juni. Masoko.
Benedicto kaitazama kwa lenzi, kisha kanitazama mimi bila lenzi. Kasema tundu la kiwandani halina makovu. Hili limekata herufi, na ukingo wake umevimba upande wa pili. Kuna kilema cha kuzaliwa, kasema, na kuna jeraha la ukubwani. Yeye hununua vilema tu. Nikamuuliza kilema ni kipi, kwa mfano. Kasema ni hela iliyoponyoka mashine ikatoka bila tundu. Anaitafuta miaka yote. Akiiona hatabishana bei.
Nilikaa chini. Kiti hakikuwepo.

Ijumaa, 7 Juni.
Bi Siti kaishika hela, kachungulia tunduni, kaniona upande wa pili. Mto wangu uko barazani. Naona aibu, na baraza ina mbu. Nurdin kapita, kanipa pole. Sitamsamehe.
Lakini somo nimelipata! Benedicto anataka hela zisizo na tundu. Sokoni yupo fundi wa kuziba masufuria, na kopo la Bi Siti limejaa hela zenye matundu. Kesho yeye anakwenda arusini.
Nitaziziba zote.