Vita vya Bwana Mabano na Tarehe ya Barua

Tegeni masikio, enyi mliochoshwa na habari za majemadari waliovuka mito na kubomoa ngome! Leo nawaletea shujaa asiyevuka hata kizingiti cha chumba chake: shemeji yangu, mume wa dada yangu, mtengeneza programu, Simba wa Kibodi, Mfungua Mabano asiyekumbuka kuyafunga. Mtaa mzima unamwita Bwana Mabano. Nilikuwa nimeketi kwenye kochi lao siku ile, nikayaona yote, na hasira bado ninayo.

Ijueni kwanza silaha yake. Watu wa kawaida huandika barua kwa programu iliyokuja na kompyuta, lakini yeye aliikataa kama mwana wa mfalme akataavyo kiporo. Hutumia kihariri cha chanzo huria, yaani chombo cha kuandikia ambacho kila mtu duniani ana ruhusa ya kukifumua na kukishona upya, na kukiongezea vipachiko viitwavyo programu-jalizi. Vipachiko hivyo huandikwa kwa kilugha ambacho kila neno hukaa ndani ya mabano, na mabano hayo ndani ya mabano mengine, hata ukurasa mzima ukawa mishikio ya vikombe bila kikombe. Humo ndimo anamojiona mfalme.

Asubuhi ile dada yangu, mkunga, alikuwa amemaliza barua ya kuomba cheo cha mkunga mkuu katika hospitali aliyoisotea tangu ujana wake. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa kumi jioni. Barua ilikuwa kwenye kompyuta ya mumewe, imebaki tarehe tu.

"Baba Pacha, niwekee tarehe niitume," akasema.

Shujaa akainuka, akavuta kaptura juu, akanena: "Tarehe? Mama Pacha, mkono wa binadamu uandike tarehe katika zama hizi? La hasha! Nitaunda programu-jalizi, na kila barua ifunguliwapo, tarehe itajitokeza yenyewe juu yake. Nami nitaigawa bure kwa mataifa yote!"

"Mimi nataka ya leo tu, baba."

Asimsikie. Akaingia vitani, vidole vikanguruma, na ilipofika adhuhuri kihariri kikagoma kabisa kufunguka, kwa maana palikuwa na bano moja lililofunguliwa na halikufungwa. Akalisaka bano lile mstari kwa mstari, akilitukana, akilibembeleza. Chakula kikapoa mezani. Pacha wakaja kuuliza kwa nini mama yao hagusi sahani, akawafukuza wasimpotezee hesabu.

Saa tisa dada akasimama mlangoni, macho yamemlowa. "Baba Pacha, kwani hakuna njia nyingine ya kuifungua hiyo barua?"

Shujaa akamaliza kwanza kuukagua mstari aliokuwa nao. Kisha akasema, "Ipo. Ila ni njia ya watu wasiojiheshimu."

Ipo! Mwanamke amekesha miaka akipokea watoto wa watu, riziki yake imening'inia siku nzima, na njia ipo! Nilitamani kumrushia kiatu, na nilikuwa nimeshakivua.

Alipokwenda kunawa uso, nikamwambia dada, "Kaa hapo." Akaketi mbele ya kompyuta, akaifungua barua kwa ile programu iliyodharauliwa, na ikafunguka mara moja bila kinyongo. Akaandika tarehe kwa kidole chake mwenyewe, akaituma. Punde likaja jibu kwamba imepokelewa, naye akajifunika uso kwa kanga akalia.

Shujaa akarejea, akaketi, na baada ya muda akapiga ukelele uliowaamsha kuku wa jirani. Amelipata! Bano lilikosekana mwishoni mwa mstari wa kwanza kabisa. Akaifungua barua, na tazama, tarehe ikachomoza juu, inameremeta.

"Mbona ziko mbili?" akauliza. "Hii ya chini ni ya nani?"

"Ya wasiojiheshimu," dada akamjibu, akaenda kupasha chakula.

Leo dada yangu ndiye mkunga mkuu. Basi noeni kalamu, enyi waandishi wa historia, mkaandike kwamba siku ile wanadamu walikombolewa kutoka utumwa wa kuandika tarehe. Shujaa mwenyewe hakuwasubiri. Ameimwaga programu-jalizi yake mtandaoni, bure kwa mataifa, na chini yake ameweka maneno haya: "Imejaribiwa kwa barua halisi ya maombi ya kazi. Mwombaji alipata kazi."