Prosesa Inachemka Mkonze

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Wengine wanasherehekea, mimi naunda kompyuta. Jumamosi kwaya inachagua fundi wa kuhariri video zake: mimi au Bartolomayo, jirani mwenye steshenari. Nikikosa, narudi kijijini Haneti kuchunga mbuzi. Baba ameshasema. Bartolomayo anajivunia kadi ya picha kubwa kama tofali. Mshamba! Prosesa yangu, ubongo wa kompyuta, inatoa picha yenyewe, haihitaji kadi. Nimefunga juu yake chuma cha kupoozea, kipya kabisa. Chini kimebandikwa nailoni. Sijaibandua ng'o. Shangazi Devota, ninayekaa kwake, hajawahi kuvua nailoni ya sofa, na sofa mpaka leo ni jipya.

Jumanne, 8 Julai
Nimejaribu video. Nyuzi joto mia! Mashine ikazima. Hii ni husuda. Asubuhi Bartolomayo alipita dirishani akanisalimia kwa upole mno. Nani anasalimia hivyo bure?

Alhamisi, 10 Julai
Nimepata dawa: baridi ya Dodoma! Alfajiri nimeweka mashine dirishani, upepo unakata masikio. Nyuzi tisini na tano, lakini haikuzima. Mafua nimepata mimi. Shangazi akafoka kwamba vumbi lote la Mkonze limehamia sebuleni. Nikamwambia hii ni sayansi. Akasema basi sayansi ishike ufagio.

Jumamosi, 12 Julai
Siku nyeusi. Ukumbi wa kanisa, bati juu, jua la mchana, upepo hakuna. Mama Generosa, mwenyekiti wa kwaya, akaomba video ya wimbo wa kwanza. Hatukufika ubeti wa pili. Giza! Waimbaji wakacheka. Bartolomayo akaomba bisibisi, akafungua chuma, akabandua nailoni yangu mbele ya watu, imejikunja kwa joto. Akapaka grisi mpya ya kupitisha joto, akawasha. Nyuzi sitini. Wimbo ukaisha salama. Mama Generosa akasema kazi ni ya Bartolomayo, ila mashine yangu nzuri, anaomba waiazime. Nimeumia. Nimelia chooni.

Jumapili, 13 Julai
Sikwenda ibadani. Nimewaza sana. Nailoni haikuwa na kosa. Ilikuwa nzima kabla Bartolomayo hajapita dirishani.

Jumatano, 16 Julai
Haneti. Mbuzi hawanitii. Baba amenunua paneli mpya ya sola, nimeipandisha mwenyewe juu ya bati. Nailoni yake ya bluu nimeiacha, kioo kisichubuke. Jioni taa hafifu kuliko kibatari. Baba akaniuliza nimesomea nini hasa huko mjini. Asubuhi jirani yetu Yoramu alikuwa amepita, akanisalimia kwa upole mno. Kumbe hata huku wapo!